Wifi anauliza: “Kama wa kwako kachanjwa, unaogopa nini?”

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igombe, hapa Ilemela, Mwanza. Nauza dagaa. Mzigo ukiwa mkubwa naupeleka Kirumba mwaloni, ukiwa mdogo namalizia mtaani. Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Mtoto wetu mkubwa ana miaka 4, alishachomwa ile ya surua ya miezi tisa. Mdogo ana miezi 6.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko na mumewe kwenye kambi ya dagaa visiwani. Mama unajua mwenyewe, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa kazi inasimama. Basi siku hizo wanakuja kwetu, yeye na watoto wake watatu, wanakaa mpaka giza lirudi. Watoto wote wanalala chumba kimoja. Mdogo wangu hashuki mgongoni kwa binti wa wifi wa miaka 10, anampenda mno. Ugeni wao haunisumbui hata kidogo.

Kinachonisumbua ni kwamba wale watoto hawajachanjwa. Huyo wa kwanza alianza, akavimba paja na kuchemka usiku kucha, wifi akasema basi. Aliyefuata alipelekwa zahanati moja, akaambiwa arudi siku nyingine, tena akafokewa kwa kupoteza kadi. Hakurudi. Wa mwisho hata hakupelekwa. Siku hizi anasema kambini wamegundua kwamba chanjo zinaua kizazi.

Juzi nimesikia kisiwa cha jirani na kwao kuna watoto wana surua. Nikamwomba wifi awapeleke wanawe wakachanjwe. Akanijibu mbele ya mama mkwe: “Kama wa kwako kachanjwa, na chanjo yenu inafanya kazi, unaogopa nini kwa wa kwangu?” Nikakosa la kusema. Mama mkwe akadakia kwamba wao walikua bila hayo mambo. Mume wangu kimya, anachezea simu. Sasa wifi kanuna, na kwa kuwa ana mimba ya miezi mitatu, mimi ndiye naonekana namsumbua mjamzito.

Nimepanga mbalamwezi ijayo niwakague mlangoni, mwenye upele asiingie ndani. Au nimwambie mume wangu wafikie kwa mtu mwingine? Naomba jibu ninaloweza kulitamka bila kuvunja undugu.

Mama wa wawili, Igombe

*

Marahaba, mwanangu.

Swali la wifi yako si la kipuuzi. Nimelisikia kwa watu wenye digrii zao, na wengi huachwa wametoa macho kama wewe. Lina jibu, tena jibu lenyewe limo ndani ya barua yako, ila umelipita.

Wifi kasema “wa kwako kachanjwa”, kana kwamba una mtoto mmoja. Una wawili, na huyo wa miezi 6 hajapata chanjo ya surua. Hapa kwetu chanjo ya surua na rubela inaanza miezi 9. Siyo kwamba manesi wamechelewa. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoachiwa na mama yake tumboni, na kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu inaifanya chanjo isishike vizuri. Kwa hiyo inasubiriwa ipungue. Taabu ni kwamba kwa watoto wengi inapungua kabla ya siku ya sindano kufika, na hapo katikati mtoto anabaki hana ya mama wala ya kwake. Mwanao yuko kwenye kipindi hicho sasa hivi. Kinachoweza kumkinga ni kutokuambukizwa na wanaombeba, na anayembeba zaidi ni binti wa miaka 10 anayetoka kambini bila chanjo.

Sasa nikugeukie wewe kidogo. Umesema mkubwa alichomwa “ya miezi tisa”. Ya mwaka na nusu hukuitaja. Kaitoe kadi yake uangalie, kwa sababu akina mama wengi wakishamaliza ya miezi tisa wanahesabu kliniki imekwisha. Dozi moja ikitolewa miezi 9 inawakinga watoto kama 85 katika 100. Dozi ya pili, ya miezi 18, inaifikisha kinga kwenye 97 hivi. Kama aliikosa, mpeleke, hataanza upya. Mtoto aliyepitiliza huendelea pale alipoishia.

Na hata wakipata zote mbili, bado kati ya 100 wapo watatu ambao miili yao haikujenga kinga, na kwa kumtazama huwezi kumjua ni nani. Chanjo inafanya kazi vizuri sana, lakini hakuna chanjo inayofanya kazi kwa kila mtu. Mume wa wifi ni mvuvi, mwulizeni: akiwa amevaa boya, atakubali mtu atoboe mtumbwi katikati ya ziwa kwa sababu yeye ana boya? Na kwenye mtumbwi huo kuna mtoto wa miezi 6 ambaye hakuna boya la saizi yake.

Nikueleze kwa nini surua ndiyo inayonitisha kuliko nyingine. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Haihitaji kugusana wala kula chombo kimoja. Akikohoa chumbani akatoka, virusi vinaweza kukaa kwenye ile hewa kwa muda wa hadi saa mbili. Anayeingia nyuma yake anavivuta. Ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi mbili. Wakifika hapo, mgonjwa anakosa wa kumwambukiza. Anaumwa, anapona, na ugonjwa unaishia kwake. Hiyo ndiyo maana ya kinga ya jamii. Wanaofaidika ni wale ambao sindano haijawafikia au haiwafai: wachanga, wajawazito, mtoto anayetibiwa saratani pale hospitali ya Bugando.

Ila hiyo 95 ina mtego. Wilaya inaweza kuandika takwimu nzuri kabisa, na ndani yake ikawepo kambi moja ambayo watoto karibu wote hawajachanjwa. Surua haisomi takwimu za wilaya. Ikifika kwenye kambi hiyo inakuta watoto wamelala wamebanana kwenye vibanda vya mabati, na wazazi wanaohama mwalo hadi mwalo kufuata dagaa, wengine wakitokea Musoma, Bukoba, hata ng’ambo Uganda na Kenya. Halafu mbalamwezi inapowaka, kambi nzima inapanda boti kwenda kulala kwa ndugu mjini.

Mpango wako wa kuwakagua mlangoni hautakusaidia. Mtu mwenye surua anaanza kuambukiza siku nne hivi kabla upele haujatoka. Siku hizo unaona mafua, kikohozi, homa, macho mekundu yanayotoa machozi, na ukikagua ndani ya mashavu pengine vidoa vyeupe vidogo. Mama gani atamrudisha mtoto wa wifi yake kwa sababu ya mafua? Upele utaanzia usoni na nyuma ya masikio siku ya tatu au ya nne ya ugeni, na wakati huo mdogo wako ameshabebwa mgongoni vya kutosha.

Najua wapo watakaokwambia surua ni ugonjwa wa kila mtoto, unapita. Kwa wengi unapita. Kwa wengine unaleta nimonia, kuhara, uvimbe wa ubongo, na upofu, hasa mtoto akiwa na upungufu wa vitamini A. Na kuna jambo ambalo sisi wa zamani tuliliona kwa macho bila kulijua jina: mtoto anapona surua, halafu miezi inayofuata kila ugonjwa unamkuta yeye. Tafiti zilizotoka 2019 zimeonyesha sababu. Surua inafuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili, hata dhidi ya magonjwa ambayo mtoto alishayashinda. Kabla chanjo haijaanza kutumika mwaka 1963, surua ilikuwa inaua watu wapatao milioni 2.6 kwa mwaka duniani.

Turudi kwa wifi yako, maana yeye mwenyewe yumo kwenye hatari na sidhani kama kuna mtu amemweleza. Ana mimba ya miezi mitatu. Sindano ya surua wanayochomwa watoto wetu ina rubela ndani yake. Rubela kwa mtoto ni homa kidogo na vipele, wengine hawajui hata kama waliumwa. Kwa mjamzito ambaye hana kinga, hasa miezi hii ya mwanzo, inaweza kuharibu mimba, au mtoto azaliwe kiziwi, na mtoto wa jicho, au na tundu kwenye moyo. Na mjamzito hapewi chanjo hiyo, ni lazima asubiri ajifungue. Kwa hiyo kama hana kinga, mimba yake inategemea watoto wanaomzunguka wasilete rubela nyumbani, na wanaomzunguka zaidi ni hao watatu aliowazaa. Mweleze hilo mkiwa wawili, jikoni au mnapoanika dagaa, mama mkwe asiwepo. Usiliseme kama kitisho. Mwambie, “Wifi, mimi naogopa kwa ajili ya mdogo wangu, na naogopa kwa ajili ya huyo uliyembeba.”

Kuhusu mtoto kuvimba paja na kuchemka, usimbishie, maana ni kweli ilitokea. Ile sindano ya wiki 6, 10 na 14, inayokinga donda koo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na mwenzao wa tano anayeleta homa ya uti wa mgongo, inajulikana kwa kuleta homa ya siku moja au mbili na maumivu pale ilipochomwa. Ya surua nayo inaweza kuleta homa, ila yake huja wiki moja au zaidi baadaye, na mama anakuwa ameshasahau. Aliyemchoma mwanawe alipaswa kumwambia hayo kabla hajatoka mlangoni. Hakumwambia, na mama mchanga akakesha peke yake na mtoto anayechemka. Hata mimi ningekasirika.

Ya kizazi nayajibu kwa ufupi. Sensa ya 2012 tulihesabiwa Watanzania milioni 44.9. Ya 2022 tukakutwa milioni 61.7, na waliowazaa hao walioongezeka ni sisi tuliochomwa utotoni. Wifi mwenyewe ana watatu na wa nne yuko njiani. Mwulize kwa utani kama yeye hakuchanjwa alipokuwa mdogo.

Mama mkwe ana heshima yake na hutamshinda kwa hoja, wala usijaribu. Siku moja mwombe akuonyeshe mkono juu ya kiwiko. Watu wa umri wake wengi wana kovu la chanjo ya ndui. Halafu mwulize kwa adabu, tumbo la mama yake walizaliwa wangapi na wangapi walikua. Mwache aseme mwenyewe.

Ndui yenyewe iliishia hapa hapa Afrika Mashariki. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Alifanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa. Baadaye alisema aliogopa maumivu ya sindano. Siku moja akapanda gari kumwelekeza dereva aliyekuwa anapeleka watoto wawili wenye ndui, safari fupi tu, na ikatosha kumwambukiza. Alikuwa mtu wa watu, wengi walikuja kumwona alipougua. Lakini hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye, kwa sababu wengi walikuwa wamechanjwa, na waliobaki walichanjwa haraka, mtaa kwa mtaa. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui umekwisha. Maalin alipona, akaja kufanya kazi ya kuwahimiza wazazi wa Somalia wachanje watoto wao dhidi ya polio, na yuko kwenye kazi hiyo ndipo malaria ikamchukua mwaka 2013. Wifi akisema anaogopa sindano, mpe habari za mpishi huyu kabla ya takwimu zangu zote.

Sio kila chanjo inamlinda jirani, lakini. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, inatoka kwenye udongo na kinyesi cha mifugo na kuingia kwenye jeraha. Hata Mwanza nzima ikichanjwa, wewe usipochanjwa huna kinga. Nalitaja kwa sababu wifi ni mjamzito na chanjo ya pepopunda, tofauti na ya surua, yeye anaruhusiwa na anaihitaji. Inamlinda yeye na kitovu cha mtoto atakayezaliwa. Pia msichanganye chanjo na zile dawa za kichocho ambazo watoto wa kandokando ya ziwa wanapewa shuleni. Hizo ni za kuua minyoo iliyokwisha kuingia; kichocho hakina chanjo, na mtoto akirudi kuogelea anaweza kukipata tena.

Sasa nikwambie ninavyoisoma barua yako. Sidhani kama wifi yako alianza na kizazi. Alianza na nauli ya boti, akafika, akarudishwa, akafokewa mbele ya watu. Hayo maneno ya kambini yalikuja baadaye kumpa sababu ya kutorudi. Ni rahisi zaidi kusema “sitaki” kuliko kusema “niliaibishwa”.

Kurudishwa kulikuwa na sababu ambayo huenda hakuambiwa. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake lazima kitumike ndani ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Zahanati ndogo akija mtoto mmoja hujikuta inampangia siku ambayo watoto watakuwa wengi. Mama wa Igombe atarudi Alhamisi. Mama wa kisiwani Alhamisi yuko kambini anaanika dagaa. Kwa hiyo kazi yako ni kupita zahanati ya karibu nawe mapema na kuuliza ni siku gani wanafungua surua, kisha mlinganishe na mbalamwezi. Mweleze nesi kwamba una watoto watatu wa visiwani ambao hawana kadi. Kadi iliyopotea inaandikwa nyingine, na mtoto hanyimwi chanjo kwa sababu ya karatasi. Chanjo hizi za watoto ni bure. Muulize pia siku za huduma ya mkoba, maana wahudumu huwafuata watu hadi kwenye mialo, na kambi ya wifi inaweza kuingizwa kwenye orodha.

Kisha mwambie wifi, “Mkubwa wangu ana dozi ya kufuatilia, nisindikize.” Kama kadi itaonyesha kweli aliikosa ya mwaka na nusu, huo ndio mlango wako. Mtaingia zahanati wote wawili mkiwa mmechelewa, na hakutakuwa na mama mwema na mama mzembe.

Yule binti wa miaka 10 usimwache nyuma. Nesi ataangalia anachostahili kwa umri wake, na mojawapo ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapewa dozi moja tu. Zamani zilikuwa mbili. Sehemu ya ushahidi kwamba moja inatosha imetoka hapa hapa Mwanza, kwenye utafiti ulioshirikisha wasichana 930 wa umri huo huo. Kwa hiyo wakisema kambini kwamba ni kitu cha kujaribiwa kwetu kutoka mbali, mwambie watoto wa jirani zetu ndio walioifundisha dunia.

Kuhusu kuwaambia wafikie kwa mtu mwingine, mimi sikubaliani nalo kama jambo la kudumu. Wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki pekee watoto hao wanakuwa karibu na zahanati yenye friji. Ukiwafungia mlango umeifunga na nafasi hiyo. Lakini kuna hali moja ambayo mlango ufungwe, tena mume wako aache simu alisimamie yeye kwa dada yake: kama kwenye kambi yao kuna mtoto mwenye surua. Hapo wasisafiri mpaka zipite siku 21 tangu mara ya mwisho kukaa na mgonjwa. Kwa hiyo piga simu kabla hawajapanda boti, na usiulize “mko salama?” Uliza, “Kuna mtoto yeyote hapo kambini mwenye homa na upele, au macho mekundu?”

Wakichanjwa safari hii, wape wiki mbili kinga ijijenge. Usitegemee siku ileile. Na kwa kuwa umesikia surua iko karibu, mpeleke mdogo zahanati sasa, usingoje. Penye mlipuko wataalamu huweza kutoa dozi ya mapema kuanzia miezi 6. Akiipata haihesabiwi: ya miezi 9 na ya miezi 18 zinabaki palepale. Matone ya vitamini A nayo yanaanza miezi 6, yaulizie siku hiyohiyo.

Na ikitokea mtoto yeyote, wako au wa wifi, ameota upele na ana homa, msikae naye ndani mkisubiri upele “utoke wote” kama wazee wanavyoshauri. Apelekwe, atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, ambayo inapunguza vifo na kuokoa macho. Machoni asitiwe dawa ya majani wala kitu kingine cha nyumbani. Na mkifika zahanati, mmoja atangulie kumwambia nesi mkiwa bado nje, msikae naye kwenye benchi pamoja na wachanga waliokuja kupimwa uzito.